Fungua Weye, Nitafunga Miye

Mzee huyu alikuwa na sentensi moja, na kwa sentensi hiyo alijaza mji. "Fungua weye, mama, nitafunga miye." Aliisema akiwa amesimama jikoni mwa nyumba tupu, mbele ya mwanamke aliyetoka mbali, mwenye mtoto mgongoni na vumbi la safari kichwani. Mwanamke anageuza robine. Maji yanatoka. Mzee anamwacha ayatazame mpaka macho yake yalegee, kisha ananyoosha mkono, anafunga. Basi. Mwanamke huyo hatoki tena Lubumbashi.

Tulimwita Mzee wa Funguo. Jina analo, na watu wa mtaa wetu wa Kampemba wanalijua, lakini sitaliandika. Wala sitaandika alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumwuliza mtu mambo hayo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Unakosa nini?" Ukimjibu, umekwisha.

Lazima nieleze kazi yake, kwa sababu tuliozaliwa juzi hatuamini kwamba kazi kama hiyo iliwahi kuwepo. Kampuni ya shaba ilikuwa inatafuta mafundi: wachonga vyuma, watu wa umeme, watu wa kuamsha mashine iliyokufa. Fundi wa kweli hakosi pa kwenda. Migodi ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa inamwita, reli ilikuwa inamwita, na mshahara kila mwajiri aliweza kuuongeza. Kwa hiyo Kampuni ikajenga. Nyumba za matofali zenye bustani, shule, hospitali ya kujifungulia, piscine ya kuogelea, uwanja wa mpira, sinema ya Jumamosi. Halafu ikamweka yeye mlangoni mwa vitu vyote hivyo, ampokee kila fundi mpya na kumtembeza.

Yeye alimpita fundi. Alimpa mkono, akamwuliza safari, kisha akamgeukia mke. "Fundi hakai kwa sababu ya mshahara," alipenda kutuambia sisi watoto, kana kwamba tuna mgodi wa kuendesha. "Fundi anakaa kwa sababu bibi yake analala muzuri. Bibi akilia, hata umulipe dhahabu, kesho utakuta nyumba wazi." Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hakuajiri mtu. Alituliza wake za watu.

Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita nkambo, alikuwa mmoja wao. Alitoka Pweto akimfuata mume aliyejua kuchonga vyuma, na alikuja amekasirika. Sisi wanawake wa ukoo huu tunakasirika mapema. Alikuwa amezoea ziwa mlangoni, samaki wa asubuhi na samaki wa jioni, na sasa amepelekwa kwenye mji wa moshi ambako, alisema, hata mbu wamevaa viatu. Mzee akampeleka mtaa wa Makomeno, kwenye nyumba ya Kampuni, akamfungulia milango yote. Nkambo hakutazama kitu. Akamwonyesha shule. Hakutazama. Jikoni akamwambia sentensi yake. Nkambo akafungua robine, akasema, "Maji? Ninaacha ziwa muzima kule. Munaniletea hii ya kuchirizika?"

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Akauliza, "Unakosa nini, mama?"

"Samaki."

Akaondoka. Haukupita muda mrefu, kantini ya Kampuni ikaanza kuuza samaki wakavu wa Pweto, wale wenye harufu inayofika kabla ya gari. Mke wa fundi mmoja alikataa kutulia, na mtu huyu akalifanya soko zima likunje njia kumfuata. Nkambo alituhadithia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alilisema kwa sauti ya mtu anayesimulia alivyoposwa.

Lakini robine na samaki vilikuwa mwanzo tu. Mwanamke akishahamia, Mzee alirudi na kopo la maziwa ya unga lenye udongo, na ndani yake mche wa avoka, yaani parachichi. "Zawadi ya nyumba," anasema. Anasubiri mama auchimbie shimo mwenyewe, hamsaidii hata kushika jembe. Siri ya kazi yake ilikuwa hapo. Mwanamke aliyepanda mti hakubali mumewe ahame, anataka kwanza uzae. Ukizaa, anataka watoto wale. Wakila, mtoto mmoja anapanda juu, anaanguka, anavunjika mkono, na hapo tena hamtoki, maana sasa mti una hadithi. Makomeno ile iliyojaa maavoka, watu wanafikiri ni Mungu aliyeyapanda. Ni yeye.

Alikuwa anavaa shati jeupe. Hata alipozeeka na kola ikawa nyuzi tupu, shati jeupe. Funguo alizifunga kwenye duara la waya wa shaba, kiunoni upande wa kulia, na alipotembea zililia. Mimi nilizijua funguo zile kabla sijaijua sura yake. Mama yangu alisema nikiwa mchanga nilinyamaza nikizisikia. Baadaye nilizisikia nikalia, na kulia huko kuna sababu.

Kampuni ilikuja ikaanguka. Sitaeleza kwa nini, wenye shule kubwa wataeleza. Mimi najua iliangukia nani. Mashine zilinyamaza, mishahara ikakoma, na siku moja funguo zikalia nje ya nyumba ya Makomeno, ambako mimi, mama yangu na nkambo tulikuwa tunaishi bado, babu akiwa amekwisha kufa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Yule yule. Shati lile lile. Alivua kofia, akasimama kizingitini, hakuingia.

"Mama, nilikuya kuchukua funguo."

Nkambo akazitazama funguo. "Weye?"

"Miye."

"Ulinipatia funguo kwa mukono hii, na kwa mukono hii unakuya kunyang'anya?"

"Njo kazi yangu, mama."

Nkambo akaenda ndani, akaleta ufunguo, akauweka kwenye kiganja chake. Halafu akageuka, akaonyesha uani. Mti ulikuwa umezaa mwaka ule mpaka matawi yanainama. "Na muti?"

Mzee akasema, "Muti iko ya nyumba, mama."

Nimeyafikiria maneno hayo maisha yangu yote. Angeweza kusema pole. Angeweza kudanganya, alikuwa na kipaji. Alisema ukweli, na ukweli huo ulikuwa mbaya kuliko uongo wake wote.

Tulihamia Kampemba, kwenye kiwanja kidogo ambacho babu alikuwa amekinunua zamani na kukisahau. Parcelle, kama tunavyosema, ya chumba na nusu na choo cha nje. Nkambo hakupanda kitu hapo. Hata sombe, yaani kisamvu, ambayo huota ukiitupa tu. Udongo ulikuwa mzuri, majirani walimwambia, akajibu, "Miye nilimaliza kupanda." Kila msimu wa avoka alivaa kitenge safi, akatembea mpaka Makomeno, akasimama nje ya ukuta wa nyumba iliyokuwa yake, akatazama juu. Hakuomba hata moja. Alirudi, akapika bukari, ugali wetu.

Na hapa ndipo mtu huyu anaponishinda kumchukia vizuri. Baada ya kukusanya funguo za wengine wote, alikusanya na yake. Nyumba yake pia ilikuwa ya Kampuni. Alifunga mlango wake mwenyewe, akaupeleka ufunguo ofisini, akaja kupanga chumba katika mtaa wetu, milango michache kutoka kwetu. Waliomtemea mate wakawa majirani zake. Aliwaamkia kila asubuhi. Wengine hawakuitikia mpaka wakafa.

Lile duara la shaba hakulirudisha. Lilibaki kiunoni na funguo za zamani, za vitasa vilivyokwisha kubadilishwa, hazifungui kitu tena mjini humu. Zililia vilevile.

Kazi nayo hakuiacha. Jumapili baada ya misa alimkamata mgeni yeyote, mwalimu mpya, mume mpya wa binti wa mtaa, hata muuza simu aliyepotea, akamtembeza. Sisi watoto tulimfuata kwa nyuma tukicheka. Piscine ilikuwa shimo lenye majani na mbuzi, lakini yeye alisimama ukingoni, akanyoosha mkono, akasema, "Hapa iko piscine. Batoto banajifunza kuogelea na mwalimu." Hakusema ilikuwa. Alisema iko.

"Muzee," mmoja wetu akapiga kelele, "bantu banaoga mu majani?"

"Banangojea maji," akajibu bila kugeuka. "Na weye simama mu mustari."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sasa sicheki. Nikipita pale nasikia watoto wanaruka majini, naapa, nasikia kabisa, na najua ni yeye aliyewaweka masikioni mwangu. Hilo ndilo alilotufanyia. Wengine walirithi nyumba. Sisi tulirithi matembezi yake. Tunaishi katika mji mmoja na tunaukumbuka mwingine ambao hatukuuona.

Usidhani alikuwa mtu laini. Alikuwa na mdomo. Ukitupa taka mbele ya nyumba yako alisimama akatazama taka, akakutazama wewe, akatazama taka, mpaka uokote. Kwa mwanamke aliyejifungua alipeleka sabuni, kipande kimoja kwenye gazeti, hata wakati yeye mwenyewe ananuka jasho. Aliwadharau wanasiasa wote kwa usawa. "Hawa banajenga ukuta," alisema. "Ukuta haiiti muntu. Maji njo inaita muntu."

Chumbani kwake kulikuwa na robine, na robine ilikuwa wazi daima. Hilo si ajabu, mtaa mzima tunaacha wazi, na beseni chini, ili maji yakija tusikie. Lakini yeye aliweka kiti mbele yake, akakaa kama anayemlinda mgonjwa. Mama yangu alimwuliza siku moja kwa nini hata mchana wa joto haendi kivulini.

"Ikirudi," akasema, "nani atafunga?"

Nkambo alipokuwa anakufa, mkono wake wa kulia ulikuwa unageuka. Hewani, polepole, vidole vimekunjwa hivi, unageuka. Mama alidhani ni homa. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani nikajua mara moja. Alikuwa anafungua. Alifungua, akafungua, na hapakuwa na wa kumfungia, mpaka mkono ukasimama wenyewe.

Mzee alikuja matangani. Funguo zilimtangulia, watu wakageuka. Mjomba wangu akasimama. "Muzee, unafwata funguo gani tena hapa?"

"Leo ninakuya mikono mitupu," akasema.

Mama yangu akamwonyesha kiti. Alikaa mpaka mwisho, hakula, hakuimba.

Sasa mambo yangu, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Nina mtoto, Mado, hajafika miaka mitatu. Nina mume anayechomelea vyuma, na sisemi kwa kuwa ni wangu, anachomelea bomba likakaa kama halijawahi kukatika. Na Kampemba nilikuwa na bidon za njano, ambazo nazijaza kisimani kwa jirani, nazibeba na Mado mgongoni, nachemsha maji umeme ukiwepo, usipokuwepo nanunua makaa, makaa yakikosekana tunakunywa hivyohivyo. Mado aliugua tumbo. Akapona. Akaugua tena. Mara ya tatu alikuwa mwepesi mikononi mwangu kama nguo iliyoanuliwa, na daktari aliniuliza kwa upole kama nachemsha maji. Nilitaka kumpiga. Mji huu unatoa shaba inayowasha taa za dunia, na mimi naulizwa kama nachemsha maji.

Wakati huo mgodi mmoja mpya, kwenye njia ya Kolwezi, ukamtaka mume wangu. Wamejenga camp yao ndani ya ukuta: nyumba, maji, umeme usiozimika, shule, zahanati. Nyumba unapewa ukiwa kazini. Mume wangu alirudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyeona mbingu.

"Tunauzisha parcelle," akasema. "Tununue gari. Kampemba tunafanyia nini tena?"

"Hii parcelle iko ya nkambo."

"Nkambo alikufa. Mado iko muzima bado. Weye unalinda udongo, mutoto anakunywa kisima?"

Neno hilo lilinichoma. Lakini sikukubali. Nilimwambia sitauza kitu, wala sitaenda popote, mpaka nione kwa macho yangu. Kumbe si mimi peke yangu. Wake wengi walikuwa wanakataa kuufuata ukuta ule, na mafundi walikuwa wanafanya kazi kidogo kisha wanarudi mjini kwa wake zao. Mgodi ukagundua kile ambacho Kampuni ilikijua zamani. Wakaanza kutuma gari lituchukue sisi wake, twende tukaone.

Tulipofika, msichana wa kofia ngumu na buti safi akatuongoza. Nyumba zote zilifanana, za rangi ya maziwa, na udongo mwekundu uliokwanguliwa na mashine, hakuna hata jani. Akatupanga, kila mama na nyumba yake, akasema kuna mtu wa kutuonyesha.

Nikazisikia kabla sijamwona.

Alitoka nyuma ya nyumba, amevaa kizibao cha mgodi cha rangi ya machungwa, na ndani yake shati jeupe. Walimtafuta mpaka wakampata. Nani mwingine mjini humu anaijua kazi hiyo? Alikuwa amekonda, kizibao kilimning'inia. Kwenye lile duara la shaba, kati ya funguo za zamani, palikuwa na mpya zinazong'aa.

"Yambo, mama," akasema, kama mgeni. "Bwana yako iko fundi ya nini?"

"Muzee, acha. Si njo yeye alichomelea mulango yako?"

Hakutabasamu. Msichana alikuwa amesimama kwenye mlango unaofuata, anasikia. Mzee akanifungulia. Vyumba vitatu, sakafu inang'aa, dirisha lenye wavu. Sikutazama kitu. Nilijiona nafanya kama nkambo, nikaona aibu, na bado sikutazama. Jikoni akasimama pale pale anaposimama siku zote, kando ya robine, mkono mmoja tayari.

"Unakosa nini, mama?"

Nilikuwa na majibu mengi. Yote nilikuwa nimeyanoa njiani, nimchome nayo. Mado akajinyonganyonga mgongoni, nikausikia ule wepesi wake.

"Maji," nikasema.

"Fungua weye, mama."

Akaishia hapo. Sentensi nusu. Nikasubiri nusu ya pili, haikuja.

Nikafungua. Maji yalitoka kwa nguvu, meupe kwa kasi, yakanirukia kifuani. Mado akapiga kelele ya furaha, akajitupa mbele ili ayashike. Niliyachukia maji yale. Nikayakinga kwa kiganja nikayanywa, nikamnywesha mtoto, na machozi yalinitoka kwa hasira, maana nilijua nimekwisha. Alikuwa amenipata, kama alivyowapata wote.

"Na muti yangu?" nikamwuliza. Nilitaka imuume. "Kopo yangu ya maziwa iko wapi, Muzee?"

Akatazama dirishani, ule udongo mwekundu mtupu.

"Kwa weye sikuleta," akasema.

Akasema kwa sauti ndogo, ambayo msichana wa kofia asingeisikia. Mtu huyu alikuwa amempa mche kila mwanamke aliyewahi kumfungulia mlango. Ilikuwa kazi yake, ndiyo kamba aliyotufungia. Nikamtazama mpaka nikaelewa, na yeye akaniacha nimtazame. Kisha akanyoosha mkono kufunga robine, kwa mazoea tu.

Nikamtangulia. Nilifunga mwenyewe. Mkono wake ulibaki hewani, vidole vimekunjwa, na niliuona ule mkono wa nkambo.

Jioni nilimwambia mume wangu, "Tunaenda. Lakini parcelle haiuzwi." Akaanza kusema gari, nikamwambia, "Gari utachomelea mwenyewe. Parcelle haiuzwi." Akanijua, akaanza kufunga mizigo.

Tumehamia. Mado amenenepa, ana mashavu, na anajua kufunga robine, nimemfundisha kabla ya kumfundisha kuhesabu. Mzee sikumwona tena. Wake wa camp wanasema aliacha kuja, wa Kampemba wanasema chumba chake kina mpangaji mwingine, na mpangaji huyo amefunga robine. Wanawake hapa wameanza kupanda vitu nyuma ya nyumba zao, mpapai, mchaichai, na wananiuliza kwa nini kwangu ni kweupe. Nawaambia mimi ni mvivu. Avoka yangu niliipanda Kampemba, kokwa kutoka mti wa Makomeno, nililoliomba kwa wenye nyumba, kitu ambacho nkambo hakuweza kukifanya. Mama yangu anaimwagilia kwa maji ya bidon, na imemfika magotini.

Huku natunza nyumba vizuri. Nafagia, napiga deki. Na ufunguo nimeutundika kwenye msumari mlangoni, upande wa nje kabisa wa fremu, ili atakayekuja kuuchukua asilazimike kuingia ndani.